Kompyuta Imekataa Wauza Maharage

Jumatatu, 10 Septemba 2012
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Vizimba vya soko jipya vinagawiwa Ijumaa. Kompyuta ya chama chetu cha wafanyabiashara imekubali wauza nguo wote, imetukataa wauza maharage wote. Na programu kaiandika Gwantwa — mwanangu wa kumzaa! Inalinganisha daftari la zamani na orodha mpya. Jina likifanana unapata kizimba. Kanionyesha jina langu. Huku Roda Boazi, huku Roda Boazi. Mashine inasema si mtu mmoja. Hata mimi wa darasa la nne naona huo ni uongo.

Jumanne, 11 Septemba
Mwenyekiti Twaibu kasema mbele za watu, hiyo Perl, lugha ya kompyuta aliyoandikia Gwantwa, ni mchezo wa watoto; Ijumaa anagawia waliokubaliwa tu. Enesi, jirani yangu sokoni miaka tisa, kahamisha benchi lake. Eti mwanangu kahongwa na wa nguo.

Jumatano, 12 Septemba
Gwantwa hali chakula. Kaandika upya mara tatu. Nimemuuliza tena, kanifokea: "Mama, nimeweka eq, ndiyo amri ya kuangalia kama majina yanafanana. Siwezi kuyafanya yafanane zaidi ya hapo!" Nikamfokea na mimi. Sasa najuta.

Alhamisi, 13 Septemba
Nimempelekea uji ofisini. Ketrina, mchapaji wa chama, alikuwa anachapa. Gwantwa ndiye aliyechapa orodha mpya yote na daftari la zamani la wauza nguo; Ketrina alichapa daftari la kwetu. Nikasikia — kila akimaliza jina, anagonga kile kitufe kirefu mara mbili. Nikamuuliza ya nini. Hakugeuka hata.

"Nimezoea tangu taipureta ya mahakamani Itumba, mama. Jina liachiwe nafasi, karani aweke tiki."

Kidogo nimmwagie uji! Gwantwa kaketi chini, kacheka, kalia. Nafasi zile macho hayazioni, mashine inazihesabu. Umeme ukakatika hapo hapo.

Ijumaa, 14 Septemba
Umeme umerudi saa tatu. Gwantwa kajaribu na jina moja kwanza, kafuta nafasi za nyuma. Limekubali! Ndipo Twaibu anaingia. Anaona nini? Wauza maharage wote wamekataliwa — kakubaliwa mmoja, mama yake. Kawaita watu. Enesi yuko mlangoni, ananitazama kama mwizi. Gwantwa anaomba dakika mbili ayasafishe yote. Twaibu anataka kuzima. Swichi iko ukutani nyuma yangu. Nimeiegemea kwa mgongo, naandika hapa hapa nisiwatazame. Kaniambia nisogee. Mara ya pili hii. Gwantwa anachapa, sisogei —