Siku ya Wazazi Niliyokuficha

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kinanitia kinyaa tangu tukuzike, na Kirundi nikikianza tu nalia. Basi pokea hiki cha kambi ya wakimbizi.

Dada Jeanine alikaa nami hapa nyumbani kwako Shively, Louisville, mpaka matanga yakaisha. Jana amerudi Buffalo, na kabla ya kupanda basi ameniambia jambo. Nitalifikia. Kwanza niseme la kwangu.

Unaikumbuka ile akademi ya Wakorea kule Columbus, tuisheni ya watoto baada ya shule. Ulinisifia kanisa zima, eti mwanao anawafundisha watu Kiingereza huku Marekani, na Wamarekani wenyewe wapo. Sikukuambia kwamba mkurugenzi aliniajiri kwa sharti. Wazazi wanataka mzaliwa wa Marekani, alisema, kwa hiyo wewe umezaliwa hapahapa Columbus. Mambo ya kambi usiyataje. Nikaitikia. Nilikuwa nimechoka kubeba maboksi ghalani, lakini huo si udhuru. Miaka miwili sasa najiita Danny na kucheka kama watu wa kwenye televisheni.

Kisha ukaja kwa basi kutoka Louisville, bila kuniambia, ili unione nikifundisha Siku ya Wazazi. Ulinigongea usiku; asubuhi nilikukuta umeshakaa jikoni kwangu Gahanna, nje kidogo ya Columbus, suti ya kahawia ya kanisani, tai umeikaza, na mkononi lile daftari ulilotufundishia chini ya turubai, enzi zile chaki zikiisha unaandika kwa mkaa. Nikakutazama, nikaogopa. Nikakuambia siku imeahirishwa.

Ukasema, "Haya, si neno." Ukavua koti, ukalitundika kwenye kiti. Mimi nikaenda kazini.

Baada ya darasa mkurugenzi alitupeleka, walimu na wazazi, kula nyama ya kuchoma palepale mezani. Kwao huwezi kukataa karamu ya kazini, na mdogo ndiye anayewamiminia wakubwa kinywaji. Nilipoinua chupa, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kushika kiwiko cha kulia, kama ulivyotufunza kumpa mtu mkubwa kitu. Kumbe na wao ndivyo wafanyavyo! Meza nzima ikafurahi. Bibi yake mwanafunzi wangu mmoja, mama mzee asiyejua Kiingereza, akamtuma mjukuu aniulize: nani alikufundisha?

Mkurugenzi akanikazia macho. Nikasema nimeona kwenye video.

Video, Baba. Nawe ulikuwa dakika kumi kutoka pale. Mkurugenzi akanipigapiga begani kana kwamba mimi ni mbwa aliyeleta mpira, na mimi nikatabasamu. Namchukia yeye. Najichukia mimi zaidi.

Sasa la Jeanine. Anasema ulimpigia simu mchana uleule. Tangazo la Siku ya Wazazi lilikuwa kwenye friji yangu, tarehe ni ya siku ile, picha yangu, na chini yake: Danny, mzaliwa wa Columbus. Ulilisoma lote. Ukamwambia, "Usimwambie kuwa najua. Ataona haya kula mbele yangu."

Na niliporudi ulikuwa umepika maharage. Ukanipakulia. Nikala, Baba. Nikaomba na ya kuongeza. Ukaniuliza kazi ilikuwaje, nikasema nzuri.

Tangu jana chakula hakipiti.

Jumamosi ni Siku ya Wazazi tena. Tangazo wameshachapisha, Danny ni yuleyule na meno nje. Nitakwenda nimevaa suti yako, ingawa mikono yake ni mifupi kwangu, na daftari lako nitaliweka mezani. Yule bibi hakosi. Nitampa daftari mikononi nikiwa nimeshika kiwiko, nimwombe mjukuu atafsiri vizuri, mkurugenzi akisikia: nilizaliwa kambini Kigoma, na aliyenifundisha Kiingereza ndiye aliyenifundisha kushika kiwiko, Mwalimu Nestor, baba yangu. Wakinifukuza, ghala lipo.

Naahidi hilo. Ulale salama, Baba. Ila nakuomba kitu kimoja: usinisamehe upesi kama siku ile. Ngoja kwanza Jumamosi ipite.

Mwanao,
Deo