Zimwi la Mpira kutoka Ufaransa

Jumatano, 4 Februari
Nimefagia banda la video, nimepanga mabenchi, nimemfukuza kuku wa jirani. Jana nilirudi kutoka Kona ya Musa na filamu mpya kwenye fleshi. Ya Kifaransa. Zimwi! Hapa Msambweni nani mwingine wa kuitafsiri? Filamu zote za wageni zinapita mdomoni mwangu. Tena nimebeba masanduku ya Wafaransa hotelini Diani hadi mgongo ukasema bonzhu. Shule niliiacha darasa la sita, hasara ikawa ya shule. Ubaoni nimeandika kwa chaki: MWENYE MOYO MDOGO ABAKI KWAO.

Nasoro amepita kunisalimia. Sahibu yangu tangu chuo cha Kurani. Alikuwa mkwezi wa minazi, akaanguka; tangu hapo shingo haigeuki. Ukimwita anageuka mwili mzima, kama kabati. Amepeleka posa kwa kina Mwanaidi. Jumapili ya wiki ijayo atajibiwa. Wakikubali, nikaha kabla ya Ramadhani. Anatetemeka kama kifaranga. Nimempigia pasi kanzu yangu nzuri, avae yeye.

Ijumaa, 6 Februari
Banda limejaa. Mbele kabisa Mzee Salimu, mjomba wake Mwanaidi. Nasoro hakuja, mabenchi yanamuumiza.

Filamu takataka. Wafaransa wanakula. Wanagombana. Wanakula tena. Zimwi hakuna. Watu wakaanza miluzi.

"Profesa! Hilo zimwi limezuiliwa mpakani Lunga Lunga halina pasi?"

"Tuwekee mpira bwana!"

Jasho likanitoka. Mwisho likatokea. Aibu! Mtu kavaa vazi la mpira, zipu inaonekana mgongoni. Na shingo haigeuki. Linageuka mwili mzima.

Mdomo wangu haukuniomba ruhusa. Nikalisemesha kwa sauti ya Nasoro, na ule msemo wake wa kila siku: "Nipisheni jamani, nina haraka zangu!" Banda zima likaangua kicheko. Watu walilia. Nikaongeza. Likamnyanyua mwanamke, nikasema, "Mwanaidi, wajomba wamekubali?" Wakapiga mabenchi.

Mzee Salimu hakucheka. Nilimwona. Nikaendelea.

Sijapata kushangiliwa hivi. Mimi ni mkali.

Jumamosi, 7 Februari
Wamedai irudiwe. Nimeirudia. Watu hadi madirishani. Leo zimwi nimelikohoza vilevile Nasoro anavyokohoa.

Jumanne, 10 Februari
Vijana wa bodaboda wanamwita Nasoro pale stejini: "Zimwi, unaharakia wapi?" Naye anageuka mwili mzima kutafuta nani kasema. Hapo ndipo wanapovunjika mbavu. Nimewatukana mpaka mama zao. Mmoja akanijibu, "Si wewe uliyetufunza, Profesa?"

Nasoro amenipungia mkono kwa mbali. Hakusimama.

Alhamisi, 12 Februari
Nimekwenda kwa Mzee Salimu. Shikamoo. Marahaba. Kahawa ipo, hakunimiminia.

Nimemwambia ule ulikuwa mzaha, Nasoro ni mtu na heshima zake, hata mbuzi hajampiga.

"Binti yetu umemtia mikononi mwa lile dude mbele ya watu," akasema. "Sasa mwenyewe anasema hataki kuitwa mke wa zimwi. Nimlazimishe?"

Mimi ninayewasemesha Wafaransa bila kujua lugha yao, nimechukua viatu vyangu mlangoni. Nimerudi kwa miguu.

Jumapili, 15 Februari
Wamekataa. Kanzu imerudishwa. Imefuliwa, imekunjwa vizuri kuliko nilivyompa.

Jumanne, 17 Februari
Mchana, banda tupu. Wanasema mwezi huenda ukaandama kesho. Nasoro ameingia, ametoa salamu, amekaa benchi la mbele.

"Niwekee," amesema.

Sikumuuliza ipi. Nimewasha. Maikrofoni nimeiacha chini. Wafaransa wamekula, wamegombana, wamekula. Likatokea. Likageuka mwili mzima. Likamnyanyua yule mwanamke, likamlaza kwenye majani, likaenda zake msituni.

"Kumbe halisemi," amesema.

"Halisemi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Ameinuka polepole, ameshika nguzo. Nilikuwa nimekaa njiani. Nimesimama upesi nimpishe, kabla hajafungua mdomo kwa ule msemo wake.

Hakuufungua.