Kaburi la Mtoro, Ngomeni Kilonge

Mlingotini, 6 Mfunguo Sita 1304

Kwa mwanangu mpenzi Hamed bin Saleh, aliyeko Bagamoyo, Mungu akuweke.

Ama baada ya salamu, hali yangu ni njema, isipokuwa magoti, na hayo nimeshayazoea. Anayeandika ni binti yangu Sada, mimi nasema. Anakusalimu wewe kaka yake, na mumewe Abdala anakusalimu. Tuarifu hali yako, na kile kifua kilichokusumbua Idi iliyopita kimepoa?

Mwanangu, nina haja moja. Wachimba gundi ya sandarusi waliopita hapa juzi walitokea ile milima ya nyuma ya Mkange. Wanasema ngome ya Kilonge imekuwa gofu. Tangu askari walipoikimbia ndui hakuna aliyerudi kukaa, na watu wa huko wanachukua mawe yake kuwekea mipaka ya mashamba. Tangu nisikie habari hiyo sipati usingizi. Mtoro wangu yumo mle. Uliniambia ulimlaza chini ya ukuta wa kibla. Ukuta ukibomolewa, kaburi litakanyagwa.

Nenda ukaliangalie kwa niaba yangu. Simamisha mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, umsomee Yasini. Ningemtuma Abdala, lakini yeye hapajui, na wewe ndiye ndugu yake. Niliwanyonyesha pamoja tangu marehemu mama yako alipofariki, arobaini yako haijatimia. Miaka kumi na minne sasa, kila Ijumaa naiombea dua mikono yako iliyomwosha mwanangu ikamkafini. Wangapi walikufa kwa ndui mwaka ule bila hata mtu wa kuwafunika uso.

Mama yako,
Mwajabu


Bagamoyo, 2 Mfunguo Saba 1304

Kwa mama yangu mpenzi Mwajabu, nashika miguu yako.

Ama baada ya salamu, mimi sijambo, kifua kimepoa. Msalimu sana Sada na shemeji Abdala. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa safarini kwa ile haja yako.

Nimekwenda Kilonge na nimerudi. Ngome imechoka, lakini ukuta wa kibla umesimama. Kaburi nimeliona, halijaguswa na mtu. Nimeng'oa majani, nimesimamisha mawe mawili kama ulivyotaka, na Yasini nimeisoma mara tatu. Pametulia mno, mama. Pana kivuli na upepo mzuri.

Basi lala usingizi. Njia ni mbaya, ina nyati, na mito imejaa, kwa hiyo hapana haja ya mtu mwingine kwenda. Mchukuzi wa barua hii nimempa kikapu cha tende na doti ya leso, vyote vyako.

Mwanao,
Hamed


Mlingotini, 9 Mfunguo Saba 1304

Kwa mwanangu Hamed, Mungu akulipe.

Salamu nyingi. Sisi wazima, na tende tumezila. Leso nimeiweka.

Sada aliisoma barua yako mara tatu, mimi namwambia rudia. Nililia, halafu nikatia sufuria motoni. Tumesoma khitma, majirani wote walikuja, na mwalimu akaisoma barua yako barazani mbele ya watu, ili vijana wajue udugu ni kitu gani. Laiti ungekuwepo ukasikia walivyokutaja.

Sasa sikiliza. Miaka yote hii nilipaogopa mahali pale. Nilikuwa nikifumba macho naona giza na mawe tu. Ulipoandika kwamba pana kivuli na upepo, nikasema basi na mimi nitakwenda kumwona mwanangu kabla sijafa. Abdala amepata punda wa kunibeba, na Sada anakuja. Tutaondoka mwanzo wa Mfunguo Kenda, masika hayajaanza. Wewe usifunge duka lako kwa ajili yangu. Niandikie tu: nikiingia mlango wa ngome, kaburi liko mkono gani, na ni hatua ngapi?

Mama yako,
Mwajabu


Bagamoyo, 20 Mfunguo Nane 1304

Kwa mama yangu Mwajabu.

Nakusalimu, na Sada namsalimu. Namwomba afunge mlango kabla hajaendelea kusoma.

Mama, sikwenda Kilonge. Barua ile niliiandika hapa dukani, nimekaa juu ya gunia la sandarusi. Sikuliona kaburi, wala sikusoma Yasini. Na mwaka ule sikumwosha Mtoro wala sikumzika. Nilimwacha hai.

Tulikuwa askari saba. Ndui ilipompata Mtoro, jemadari akasema tushuke sote, mgonjwa abaki. Mimi nikakataa, hilo ni kweli, nilikataa mbele ya wote. Wakaenda, nikabaki naye siku mbili. Siku ya tatu uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki, na mimi nikaanza kujipapasa shingo na mikono nikitafuta vipele. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kuishi. Alikuwa na kiu. Nikamwambia nashuka mtoni kuteka maji. Akaniambia, "Angalia mawe, yanateleza." Nikachukua kibuyu, nikashuka, nikavuka mto, sikugeuka nyuma mpaka Mkange. Njiani nikatunga habari ya kukueleza. Nilidhani nitakwambia uwongo mara moja tu, lakini kila Idi ulinibusu mikono.

Uliponiuliza ni hatua ngapi, nilikaa na kalamu siku nyingi, nikashindwa kuandika hata namba moja. Ndipo nikafunga duka nikaenda.

Ngome nusu yake imeanguka. Mbao za mlango zimechukuliwa. Mkuyu umeota juu ya ukuta na mizizi yake imepasua mawe mpaka chini. Mzinga wa vita umelala kwenye nyasi, nyigu wamejenga mdomoni mwake. Chumba chetu hakina dari, lakini chokaa ya ukutani bado ipo. Mtoro na mimi tulikuwa tukichora kwa msumari, mstari mmoja kila siku tuliyokaa zamu, na mistari ile nimeikuta, usawa wa kifua changu. Nikataka kutoka. Kisha nikaona mingine, chini kabisa karibu na sakafu, imepinda, ya mtu anayechora amelala. Nikapiga magoti nikaihesabu. Ni tisa.

Nilipotoka nilimkuta mwanamke mtu mzima amesimama uani na jembe, uso wake una makovu ya ndui. Jina lake Sihaba, shamba lake liko ubavuni mwa mlima. Alinitazama muda mrefu, halafu akauliza, "Wewe ndiye uliyekwenda kuteka maji?"

Nikamwambia ndimi.

Akakaa chini akanieleza. Yeye alikuwa ameugua ndui akapona, kwa hiyo hakuogopa kupanda. Alisikia sauti, akamkuta Mtoro siku ileile niliyoondoka, akamnywesha, na kila siku akimletea uji. Na kila siku Mtoro alimwuliza kama ameniona. Hakusema nimekimbia. Alisema huenda nimeteleza nikavunjika mguu, au nimeumwa na nyoka, nami sina wa kunisaidia. Akambembeleza yule mama aende mtoni kunitafuta, naye akaenda, mara mbili, akiita jina langu. Siku ya tisa akafa. Sihaba na jamaa zake wakamvika nguo nyeusi ya kaniki ya Sihaba mwenyewe wakamzika. Hawakujua kibla iko wapi.

Kaburi haliko ndani, mama. Ukitoka mlangoni, mkono wa kushoto, hatua arobaini na moja. Nimezihesabu.

Hamed


Mlingotini, 28 Mfunguo Kenda 1304

Kwa Hamed bin Saleh.

Salamu. Sisi wazima.

Sada alipofika pale uliposema ulimwacha hai, nilimwambia akunje karatasi. Tuliendelea kesho yake.

Nimekwenda, nimerudi. Ulipoandika arobaini na moja, mimi nilitembea sitini na mbili, kwa magoti haya. Nimekaa kwa Sihaba siku saba. Aliniingiza katika kile chumba akanishika mkono, akaniwekea vidole juu ya ile mistari ya chini, mmoja mmoja. Anasema Mtoro alikuwa akimtania kwamba uji wake mwepesi, unaweza kuogea. Huyo ndiye mwanangu hasa. Hata mimi alinitania hivyo. Nilimwuliza kama alikuwa akinitaja. Akasema homa ikipanda ndipo alipoita mama, lakini akiwa na akili zake alikutaja wewe. Nimeona heri niambiwe kuliko nisijue. Mwalimu wa Mkange alipanda akamsalia kaburini.

Niliporudi nilimwomba mwalimu wetu asimame palepale barazani aliposoma barua yako, awaeleze watu habari ya kweli. Ameshawaeleza. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Nikamwuliza pia kama mwanamke anaweza kumkana mtoto aliyemnyonyesha. Akasema jambo hilo halifutiki. Basi wewe bado ni mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mtu baki ningejua la kufanya.

Kila Ijumaa naanza dua, nikifika penye mikono yako nanyamaza.

Sihaba hana tena mtu wa kumlimia. Mumewe alikufa kwa ndui ileile na mguu wake mmoja haufai sasa. Masika yameanza na shamba lake limekuwa pori. Panda ukamlimie. Usimtume mtu, usimpelekee nguo. Shika jembe mwenyewe. Na Idi hii usije kwangu.

Mwajabu


Kilonge, 11 Ramadhani 1304

Kwa mama yangu Mwajabu, nashika miguu yako.

Ama baada ya salamu, natumai hujambo na funga inakwenda vyema, na magoti yamepata nafuu baada ya ile safari. Wasalimu Sada na Abdala. Barua hii nimewapa wachimba sandarusi wanaoshuka Bagamoyo, watakufikishia.

Niko hapa tangu mwanzo wa Rajabu. Duka nimelifunga. Nimelima, nimepanda, na palizi ya pili imekwisha juzi. Mikono ilichubuka ikavimba, sasa imekuwa migumu. Ndani ya ngome silali. Sihaba amenipa banda la mbuzi, linanitosha. Watu wa hapa wanajua mimi ni nani, yeye mwenyewe aliwaambia siku ya kwanza. Wiki nyingi walikuwa wakinipita njiani kama wanavyopita gogo. Juzi mzee mmoja aliniitikia salamu, nikashindwa kuendelea na kazi mpaka nikae kidogo.

Nimewaomba wasichukue tena mawe ya upande ule wa kaburi, wamekubali. Kaburi lenyewe sijaligusa. Sijasimamisha jiwe wala sijang'oa jani, kwa sababu niliwahi kukuandikia kwamba nimefanya hivyo. Utakaloniambia ndilo nitakalofanya.

Sihaba hanisemeshi mengi. Jana tulipokuwa tunafuturu nilimwuliza kwa nini siku ile hakunifukuza. Akasema, "Nilikutafuta siku mbili mtoni. Nilitaka kumwona mtu niliyekuwa namtafuta." Akaendelea kula.

Mahindi yatakuwa tayari baada ya Idi. Anataka kikapu cha kwanza kije kwako. Nilimwomba atafute mtu mwingine wa kukileta, akakataa. Basi nitakuja nacho tarehe ishirini ya Mfunguo Mosi, baada ya adhuhuri. Nitasimama nje, upande wa pili wa njia, mahali utakapoweza kuniona ukiwa ndani. Sitapiga hodi.

Mwanao,
Hamed