Mlango wa Nyumba ya Uzazi

Koboko,
9 Machi 1974

Mpendwa Kaka Fadhul,

Assalaam aleikum. U mzima? Mke wako na watoto hapo Kibra wazima? Goti lako je, bado linakusumbua? Sisi tu salama, alhamdulillahi. Mvua imeanza na shamba la Kuluba limeshapandwa.

Mabati na saruji mlivyochanga wana wa Koboko mlioko Nairobi vilifika vyote. Nyumba ya uzazi imesimama na mkunga yupo. Tunawashukuru sana.

Lakini Kaka, ramani mliichora huko bila kutuuliza. Mlango mmoja tu, nao unatazama baraza wanapokunywa kahawa Baba na wazee wenzake! Mwanamke gani wa kwetu atapita na uchungu wake mbele ya baba mkwe? Mkunga anakaa peke yake, anafagia sakafu safi.

Unamjua Rabia, mke wa mdogo wetu Nasur. Mtoto wake wa kwanza alimfia mikononi, nyumbani. Sasa ana mimba ya miezi minane. Nilimsihi mpaka nikachoka. Anajibu tu, "Mimi hapana pita pale. Mzee iko." Naogopa, Kaka, usiku silali.

Nilimwomba Baba ahamishe kahawa yake. Alihama siku moja, kesho yake akarudi.

Mmeandika kwamba ukuta usiguswe mpaka mje kuifungua nyumba rasmi mwezi wa sita. Wewe ni mwenyekiti, nakuheshimu, ila Rabia hawezi kungoja hotuba zenu. Sisi wanawake tumekubaliana: kesho fundi Andama anatoboa ukuta wa nyuma, upande wa mihogo. Mkikasirika, kasirikeni. Kisha tuleteeni mlango wa mbao ngumu, na siku nyingine mkitaka kutujengea, tuulizeni kwanza sisi tunaozaa.

Nisalimie shangazi Hawah, mwambie kikapu chake nakisuka. Nasur anakusalimu sana. Mungu awape afya na riziki, awarudishe nyumbani salama.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Asiya

Nyongeza: Baba alitaka nimsomee barua kabla sijaifunga, aongeze salamu zake. Nikasoma yote, sikuruka kitu. Nikadhani nitafokewa. Kisha akaniuliza, "Sururu iko wapi?"