Njaa ya Baba

Goma, tarehe 11 Juni 1957

Mpendwa Shangazi Pascasie,

Yambo sana, wewe na mume wako Baba Ndagijimana, huko Élisabethville. Baridi ya kwenu imeshaanza kukuuma magoti? Sisi tuko wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa desturi tu: kaka yako anapata nafuu.

Nilikuandikia jinsi ugonjwa wa figo ulivyomvimbisha, hata viatu vikakataa miguu yake. Munganga alimpa vidonge vipya, kortizoni, akakataza chumvi. Uvimbe ukaanza kushuka, lakini tumbo likawaka moto. Baba akasema afadhali kuvimba kuliko kuungua ndani, anaviacha. Na munganga alikuwa ametuonya kwamba akiviacha ghafla anaweza kufa. Shangazi, nililala nikimzika moyoni na kuamka nikimchekea, nikajiona mwongo.

Kumbe alikuwa akivimeza kama dawa ya majani: alfajiri, tumbo tupu, kabla ya kumsalimia mtu. Masœur Élisabeth, mtawa muuguzi wa hospitali, alimwambia, "Papa, hii si majani. Kula kwanza." Baba akaitika kwa heshima, akarudi nyumbani akafanya vilevile. Maana vidonge hivyo pia huleta njaa kali, nawe unamjua: kwake, mtu mzima hatamki njaa. Kuomba chakula asubuhi aliona ni mambo ya watoto.

Sasa viazi vitamu vikawa vinapotea jikoni. Siku moja Mama akamkuta nyuma ya nyumba, anakula vya baridi, amesimama.

"Papa Julienne! Nilizani ni panya. Panya gani anavaa koti?"

"Nilikuwa naonja kama havijaharibika."

"Vyote?"

Mama alitafuta njia nyingine. Tangu kesho yake, kila alfajiri humpelekea maziwa katika chombo kizuri cha wageni, kwa mikono miwili. Angeyakataaje? Kwetu hakuna anayeyaita maziwa chakula. Anakunywa, kiazi kimoja kinafuata kama kwa bahati, ndipo kidonge. Moto wa tumbo umepungua, na vidonge hajaviacha.

Juzi, Jumapili ya Pentekoste, alivaa viatu vyake akaenda misa kwa miguu. Wageni kutoka Munigi walikuja, nyumba ikajaa. Katikati ya mazungumzo Baba akainua sauti:

"Mama Julienne, niko na njaa!"

Watu wakaangalia chini. Kisha muzee Munyaneza, yule rafiki yake waliyepeana ng'ombe, akasema polepole, "Hata mimi. Tangu mwaka uliopita."

Tulicheka mpaka Mama akaweka sahani chini apanguse macho. Mimi nilitoka nje kidogo. Nilimshukuru Mungu, kisha nikarudi kumpakulia Baba.

Nisalimie watoto, Valérie na Modeste. Mama anakukumbatia. Baba anasema ukija likizo, asikusikie ukipika kidogo.

Mungu akulinde, Shangazi, na asikupe kamwe njaa ya kuonea haya.

Mtoto wako akupendaye bila kuchoka,
Julienne