Diski Mbili Zinazongojana

Watoto wangu wameandika programu ya kompyuta! Wawili, wote wa tumbo hili langu, na zahanati moja ya Busiu itaitumia kuandikia wagonjwa na dawa. Sasa hujambo, mpendwa mshauri, salamu zimechelewa kwa furaha, naomba msaada kabla furaha yenyewe haijaniumbua.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini Joash wangu yuko Jinja na kompyuta ya ofisini kwao, Shallon anafundisha kompyuta hapa Mbale, na mama yao ni mimi, kambi nzima ya magereza tunamoishi inajua maana nimewaambia, na asiyejua nimemwambia mara mbili. Joash alichukua upande wa wagonjwa, Shallon upande wa dawa. Basi mimi na akili yangu nikaona undugu utapoa, mmoja huko, mwingine huku, nikaamuru: "Joash, programu yako isifanye kitu bila kuuliza ya dada yako. Na yako, Shallon, iulize kwanza ya kaka yako." Shallon akasema, "Maama, haijengwi hivyo." Nikamwambia, nimekuzaa, utanifundisha kujenga? Wakatii, watoto wazuri hao, na hapo ndipo nilipowaharibia, maana sasa ya Joash haianzi mpaka ya Shallon ijibu, na ya Shallon haijibu mpaka ya Joash ianze, kioo kimebaki cheusi tu, na Joash akirekebisha mstari mmoja kule Jinja, ya Shallon inaanguka huku, Shallon akirekebisha, ya Joash inaanguka, na mimi ndiye ninayebeba hizo diski kwenye teksi, kifuani kama mtoto mchanga, Jinja Mbale, Mbale Jinja, nikidhani ni heshima.

Juzi Joash akaniambia, "Mwambie mwanao ameharibu kazi yangu." Mwanao! Shallon naye hasemi naye tena. Mume wangu, afande Masaba, anacheka: "Mama Joash, umewafunga wawili pingu moja, halafu unapiga filimbi wakimbie." Sista wa zahanati anataka kuiona kabla ya Krismasi, na mimi nimeshaalika watu, ila siku naogopa kuitaja. Nifanyeje?

Mama Joash, Mbale, Novemba 1996

Mama Joash, hongera, na sasa nyamaza kidogo. Kompyuta sikuzidi kuijua, kwa hiyo nilimsomea barua yako Burhan, anayepanga kurasa za gazeti hili. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema kosa hilo hata wasomi wanalifanya, ila wao hawana mama wa kumlaumu.

Ulitaka watoto wapendane, ukaziamuru diski zipendane. Sikiliza. Kipo kitu ambacho pande zote mbili zinakitaka: namba ya mgonjwa na dawa aliyoandikiwa. Kitolewe kwa Joash, kitolewe kwa Shallon, kiwekwe peke yake mahali pa tatu, pasipouliza mtu chochote. Ya Joash isome hapo, ya Shallon isome hapo, zenyewe zisiulizane tena. Mmoja akibadilisha yake, ya mwenzake haitaanguka.

Na wewe shuka kwenye hiyo teksi! Neno lolote la watoto hawa linapita kwako, ndiyo maana hawasikilizani. Mwite Joash nyumbani Ijumaa, tarehe 6 Desemba, akae na Shallon meza moja, kompyuta moja. Kabla hawajaanza, useme mwenyewe kwa mdomo ule ule ulioamuru: "Nilikosea." Kisha nenda jikoni. Wakigombana usiingie. Hasa wakigombana.

Wageni usiwazuie. Burhan anataka kuona kama walimsikia, nami nataka kula malewa yako, mchuzi ule wa machipukizi ya mianzi. Siku uliyoogopa kuitaja naitaja mimi, waambie wote, hata wale wa mara mbili: Busiu, saa nne asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Desemba.