Pasipoti za Wageni wa Bi Bushra

Kensington,
Johannesburg.
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Karimu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama Mayasa na watoto wote, na kwamba mguu wa Mama umeacha kuvimba. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila baridi imeingia na Burhani anakohoa kama pikipiki mbovu. Usimwambie nimesema hivyo.

Najua bado umenuna. Juzi nilipokupigia nikiwa ngazini pa mahakama, nikakuomba Mayasa asisafiri kwanza, ulisema namwonea wivu mtoto wa ndugu yangu, ukanikatia simu. Shangazi amwonee wivu mwanawe! Nimelia, nikanawa uso, nikachukua kalamu, kwa kuwa barua haikatiki. Jirani yetu anakuja Tanga kesho, atakukabidhi mkononi. Isome yote kabla hujakasirika tena.

Bi Bushra unamjua kwa sifa, yule mwenye karakana ya kushona nguo pale Doornfontein. Naseeb anayetaka kumleta Mayasa huku ni mtoto wa dada yake. Na mimi mwenyewe, Bi Bushra ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu. Nani katika Watanzania wa hapa hajala kwake? Msiba ukitokea, sufuria zake ndizo zinazotangulia. Basi alipokamatwa mwaka jana, akashtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, tulicheka kwanza, kisha tukakasirika. Tulisema ni fitina za wale wasichana wa Kikongo aliowaleta, wasio na shukrani.

Tukaenda mahakamani kundi zima, kanzu zimepigwa pasi. Huku hakuna lile jopo la raia tunaloliona kwenye sinema. Jaji, mama wa makamo, anakaa na wazee wa baraza wawili, ingawa mmoja wao ni dada mdogo tu. Burhani alijitolea kuwa shahidi wa Bi Bushra, na unamjua shemeji yako akipewa nafasi ya kusema. Alisimama, akarekebisha kofia, akamwambia jaji:

“Mheshimiwa, huyu mama hana ubaya. Pasipoti zao alizifungia sandukuni yeye mwenyewe, zote, zisipotee. Ndivyo sisi tunavyompokea mgeni. Na hakuna aliyeburutwa, wote walikuja kwa hiari yao.”

Sisi huku nyuma tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakili wa Bi Bushra aliinamisha uso, nikadhani amechoka.

Ijumaa jaji akasoma uamuzi. Alianza kwa kueleza kosa lenyewe, polepole, na mkalimani Gustave, Mkongo mmoja mwenye sauti nzito, akitugeuzia kwa Kiswahili. Alisema yeye na wazee wake walipaswa kuridhika na mambo matatu, na likikosekana moja, kosa halipo. La kwanza, je, mshtakiwa alimtafuta mtu, au alimsafirisha, au alimpokea na kumweka? Nikajisemea, kumbe kumpokea mgeni ni jinai? Mgeni njoo mwenyeji apone, sasa mwenyeji anafungwa? Lakini alikuwa hajamaliza. La pili, alitumia njia gani: alimdanganya, alimtisha, au alitumia unyonge wa mtu asiye na pa kukimbilia? La tatu, alimpokea kwa kusudi gani, amsaidie au amtumikishe? Akasema mnyororo si lazima. Mtu aliye ugenini bila pasipoti hahitaji kufungwa kamba.

Kila alipogusa jambo, alirudi kwenye maneno ya Burhani. Karimu, hebu fikiria. Shahidi wetu, na kofia yake ya harusi, ndiye aliyeimalizia serikali kazi.

Nikabaki na tumaini moja, ile hiari. Jaji akalizima nalo. Wasichana waliahidiwa saluni, wakawekwa karakanani, wakishona kwa chakula na godoro tu, mlango umefungwa kwa nje. “Mtu hawezi kukubali jambo alilofichwa,” alisema.

Hapo nikamkumbuka Héritière, mmoja wa wale wasichana. Alitoa ushahidi kabla ya Burhani, nasi tukamgunia. Alisema: “Pasipoti nilimuombaka mara mingi. Akanijibu, uende wapi, unajua nani huku?” Mimi yangu nilipoiomba nilipewa, na chai juu. Ndiyo maana sikuamini. Sijui Bi Bushra alibadilika lini, au ni kwa kuwa mimi nilikuwa na mume wa kuniulizia.

Amekutwa na hatia. Tukirudi nyumbani, robot, taa za barabarani za huku, ikawaka kijani na Burhani hakuondoa gari. Nyuma wanapiga honi, yeye ameshika usukani anatazama mbele.

Sasa nisikilize. Kabla hujanikatia simu ulinitajia kitu kwa majivuno, kwamba Naseeb ni muungwana, pasipoti ya Mayasa ameshaichukua aitunze, isipotee. Ulilisema kama Burhani alivyolisema mbele ya jaji, kwa moyo mweupe uleule. Nimeogopa, ndugu yangu.

Nenda kaiombe. Usigombe, usitaje mahakama. Sema tu Mayasa anaihitaji. Akikupa hapohapo, nitawaomba radhi nyote wawili, na mwanangu nitampokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Akianza kukuuliza unaitakia nini, umeshajibiwa.

Nisalimie Mama, umkande mguu kwa maji ya moto. Msalimie mama Mayasa, na Mjomba Shekuwe umwambie koti lake nimelipata. Mwenyezi Mungu awafunike kwa sitara yake, awarudishie kila kilicho chenu. Na ikirudi hiyo pasipoti, usiiweke kabatini kwako. Mpe Mayasa mkononi mwake.

Dada yako akupendaye hata ukimkatia simu,
Chiku